Kuvizia Viini vya Umri Mfupi

Tangu mwaka 1921, Otto Hahn alipobaini mjini Berlin kwamba kiini cha atomu chaweza kuwa na hali mbili zenye umri mbalimbali, wataalamu wamezitafuta hali hizo, ziitwazo isoma, ambamo kiini huizuia nishati yake kwa muda kabla ya kuitoa. Katika maabara ya GSI, Darmstadt, Ujerumani, ioni za urani huendeshwa kwa kasi ipitayo nusu ya ile ya nuru, zikagonga bamba la berili na kuvunjika vipande. Sumaku huvichambua, na kila kipande hutambuliwa kwa chaji yake na muda wa safari yake kabla ya kusimamishwa. Hapo fuwele za gerimani, zilizopozwa kwa naitrojeni kimiminika, hungoja mwale wa gama uliochelewa, upate kunasibishwa na kipande kilichoutoa. Taabu ni safari yenyewe, ichukuayo takriban nanosekunde 300, kwani isoma nyingi za umri mfupi zaidi hutoweka njiani. Walakini baadhi husalimika, kwa sababu kiini kilichovuliwa elektroni zote hakina tena elektroni ya kuikabidhi nishati yake, na hivyo umri wake hurefuka.