Aliyelazimishwa, Je, Bado Huchagua?

Uwanja wa ndege ulio jirani na mtaa wa Tassia, Nairobi, ule tunaouita leo Jomo Kenyatta, ulijengwa kwa jasho la watu waliofungwa. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni iliwapeleka Embakasi wafungwa na mahabusu wa Mau Mau, vuguvugu lililoupinga ukoloni, kuchimba na kubeba mawe. Uwanja ulifunguliwa 1958. Watoto wa Tassia husikia ndege zikipita juu ya ghorofa zao kila siku, na wengi hawajawahi kusimuliwa habari hii. Tunapaswa kuwasimulia.

Katika kambi za kizuizini, mahabusu walipangwa kwa rangi: weupe, wa kijivu na weusi. Aliyekiri kwamba alikula kiapo cha Mau Mau alihamishwa kambi hadi kambi, akikaribia nyumbani. Aliyekataa alibaki ndani. Aliyekiri, je, alichagua?

Mwaka 2016 watafiti Emilie Caspar, Patrick Haggard na wenzao walichapisha jaribio linalotusogeza karibu na jibu. Mshiriki aliketi na mwenzake mbele ya vitufe. Angeweza kumpa mwenzake mshtuko mdogo wa umeme, au asimguse. Mara nyingine aliamua mwenyewe. Mara nyingine mtafiti alimwamuru. Kitufe kikibonyezwa, mlio ulisikika punde, naye akakadiria muda uliopita kati ya kubonyeza na kuusikia. Kwa kawaida, mtu akitenda kwa hiari, ubongo hukisogeza kitendo karibu na matokeo yake, na muda ule huonekana mfupi. Walioamriwa waliuona mrefu zaidi, kana kwamba tendo halikuwa lao kabisa. Vipimo vya umeme wa ubongo navyo vilionyesha kuwa kwao mlio ule uliitikiwa kwa nguvu pungufu.

Wapo watakaosema basi, aliyeamriwa hana hatia. Sikubaliani nao. Kilichopungua ni hisia ya kulimiliki tendo, na upungufu huo haufuti tendo lenyewe. Tena aliyepimwa ni mwenye kuumiza kwa amri, kwa hiyo matokeo haya yanamhusu askari mwenye rungu kuliko mahabusu mwenye jembe.

Askari wa namna hiyo walikuwepo katika kambi ya Hola, karibu na mto Tana, tarehe 3 Machi 1959. Mahabusu waliokuwa wamegoma kufanya kazi walitolewa kwenda kuchimba mfereji kwa nguvu. Walipigwa marungu hadi 11 wakafa. Serikali ilidai kwanza kwamba walidhurika kwa maji ya kunywa.

Kwa sababu ya mahabusu hao waliogoma, siwezi kusema shuruti huua hiari. Walibaki nayo wakakataa. Na kwa sababu hiyohiyo siwezi kumlaumu aliyekiri, kwani bei ya kusema hapana iliweza kuwa uhai. Anayestahili kuulizwa kwanza ni yule aliyeipanga bei. Mtu aliye chini ya rungu bado huchagua, ila uchaguzi wake usihesabiwe kuwa ridhaa.

Katiba ya Kenya ya 2010 imeliona hilo. Ibara ya 49 inasema aliyekamatwa asilazimishwe kutoa ungamo linaloweza kutumiwa kuwa ushahidi dhidi yake. Ukitiwa mbaroni leo, Tassia au kwingineko, haki hiyo ni yako. Idai, na umfundishe jirani yako aidai.