Hadithi fupi baada ya kustaafu: pesa yako iende wapi?

Chini ya kitanda changu kuna maboksi manne ya kitabu changu mwenyewe. Nilikichapisha mwezi wa pili baada ya kupokea kiinua mgongo, nakala 300, na mgongoni mwa kila nakala pameandikwa "Hadhithi" badala ya "Hadithi". Nilipokwenda kulalamika, mwenye mtambo alinionyesha karatasi niliyoitia sahihi mwenyewe. Nilikuwa mhasibu wa halmashauri kwa miaka 31 na sijawahi kutia sahihi hundi bila kuisoma mara mbili. Jalada lile nililitia sahihi bila miwani.

Kwa hiyo hesabu zinazofuata ni za mtu aliyekwisha kulipa ada. Wa rika langu tuko wengi. Mtumishi wa umma Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akifika 60, tena bado ana nguvu na daftari limejaa visa. Umri si tatizo. Annie Proulx wa Marekani alizaliwa mwaka 1935, na mkusanyiko wake wa kwanza wa hadithi fupi ulitoka 1988, akiwa mama wa miaka 53. Kinachotuponza sisi wastaafu ni haraka ya kukishika kitabu mkononi.

Nianze na gharama zangu. Kitabu kina kurasa 112. Kukipiga chapa nililipa shilingi 5,000 kwa nakala, yaani 1,500,000. Kupanga kurasa 200,000, jalada 150,000. Jumla 1,850,000, kila nakala ikasimama kwenye 6,167. Niliweka bei ya 10,000 nikaona nimekaa pazuri. Duka la vitabu likataka asilimia 35, kwa hiyo nakala moja dukani ingeniachia 333, ambayo haitoshi hata nauli ya daladala ya kuipeleka. Ikabidi niuze mkononi, na kwa mkono nilihitaji kuuza nakala 186 ndipo nianze kuona faida.

Zilizotoka hadi leo ni 140. Kati ya hizo 57 niligawa, maana ndugu hawanunui kitabu cha shangazi yao, wanakiomba. Nimeuza 83, nimepata 830,000. Hasara ni 1,020,000.

Kuna mtu mmoja niliyemkwepa: mhariri. Aliniomba 3,000 kwa ukurasa, 336,000 kwa kitabu kizima, nikamwona ghali. Baadaye nilimpelekea hadithi moja tu, ya kurasa tisa, kwa 27,000. Aliirudisha imebaki kurasa sita, na utangulizi wangu wote kuhusu mvua ya masika umekatwa. Niliumia siku mbili, halafu nikakubali kwamba hadithi inaanza pale mama anapofungua barua, pale pale alipoianzishia yeye. Katika pesa zote nilizotumia, hiyo 27,000 ndiyo iliyonifundisha kitu.

Mpwa wangu alipoona maboksi aliuliza: "Shangazi, sasa hapa umechapisha au umechapa?" Nilimwambia asinitanie, lakini swali lake lina uzito. Kiswahili chetu kimetenganisha watu wawili hawa vizuri. Mchapaji ni mwenye mtambo: unampa pesa, anakupa karatasi zilizoshonwa, kazi imeisha. Mchapishaji anachagua mswada, anamlipa mhariri, anabeba hasara, na wewe anakulipa mrabaha, mara nyingi asilimia 10 hivi. Akikuomba pesa ili akitoe kitabu chako, huyo ni mchapaji aliyevaa tai. Ana haki ya kufanya biashara, ila mlinganishe bei na wachapaji wenzake, na namba ya ISBN, ile inayotambulisha kitabu, usiinunue kwake: Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya na huduma ya maktaba ya taifa.

Wachapishaji wa kweli wapo. Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wako kazini tangu 1991. Kwao hulipi kitu, unalipa kwa kusubiri. Tena nikwambie ukweli, diwani ya hadithi fupi ya mtu asiyejulikana ni mzigo mgumu kwao, kwa sababu soko la vitabu vya Kiswahili linaegemea shule. Ndiyo maana hadithi moja moja ina njia nyepesi kuliko kitabu kizima, na hapo ndipo ningeanzia kama ningerudishiwa miezi ile.

Njia ninayoipenda kuliko zote haina kiingilio. Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola hupokea hadithi zilizoandikwa kwa Kiswahili, haina ukomo wa juu wa umri, na hutaka hadithi ambayo haijachapishwa, yenye maneno 2,000 hadi 5,000. Mshindi wa kanda amekuwa akipata pauni 2,500, na mshindi wa jumla pauni 5,000. Kwa kawaida dirisha hufunguliwa Septemba na kufungwa mwanzoni mwa Novemba. Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaruhusiwa. Ndugu zetu wa Burundi na Kongo hawamo, kwa kuwa nchi zao si wanachama. Na sisi tuna nafuu ambayo sijasikia mtu akiitaja: "nitamwandikia" ni neno moja, wakati Mwingereza anahitaji matano kusema hivyo hivyo. Maneno 5,000 ya Kiswahili yanabeba hadithi nono.

Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ina zawadi za jumla ya dola 15,000 na hupokea pia miswada ambayo haijachapishwa, lakini unapeleka kazi nzima ya kitabu. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ilimpa mshindi wa kwanza shilingi milioni 10 katika misimu yake ya mwanzo. Soma tangazo la mwaka husika uone ni tanzu zipi zinashindaniwa. Mashindano ya ng'ambo yanayodai kiingilio yapo mengi, mengine ya heshima kabisa. Mimi silipi.

Kenya wana mlango mwingine, nao ni diwani za shule. Damu Nyeusi na Tumbo Lisiloshiba ni vitabu vya waandishi wengi, kila mmoja na hadithi yake, na vyote viliwahi kutahiniwa kwenye KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari. Mhariri akikukubalia, uliza jambo moja kabla ya kushangilia: nalipwa mara moja au kwa mrabaha? Piga hesabu. Tuseme kitabu ni shilingi 600 za Kenya, mrabaha ni asilimia 10, waandishi ni 12. Unapata shilingi 5 kwa nakala. Kikiuza nakala 2,000 una 10,000, na malipo ya mkupuo pengine yangekupa zaidi. Kikiingia shuleni kikauza 40,000 una 200,000, na aliyechukua mkupuo anabaki kukuangalia. Vyovyote iwavyo, usiuze hakimiliki yote. Huhitaji kulipia chochote ili uwe nayo, na kwa sheria ya Tanzania inadumu miaka 50 baada ya kifo chako, kwa hiyo ambaye unatia sahihi kwa niaba yake ni mjukuu.

Simu nayo? Vijana wanauza hadithi kwenye makundi ya WhatsApp: sehemu za mwanzo bure, ukitaka kuendelea unatuma 1,000 kwa M-Pesa. Gharama ni bando tu. Ila wanunuzi wanalipia "itaendelea", na hadithi fupi haiendelei. Halafu mtu mmoja akinakili na kusambaza, biashara imekwisha. Angalia pia usiirushe mtandaoni hadithi unayotaka kuipeleka mashindanoni. Baadhi ya mashindano husamehe ukurasa wako binafsi, mengine huhesabu kwamba imekwisha chapishwa.

Bajeti yangu ya mwaka huu ni shilingi 150,000: hadithi nne kwa mhariri, 108,000, na 42,000 zinazobaki ni bando na chaji ya simu. Maboksi manne bado yapo. Anayetaka nakala nampa kwa 5,000, na ile "h" ya ziada nimeifuta kwa kalamu.