Saa Iliyoanza Kukimbia Ghafla

Saa ya mkono ya mashine, ile isiyotumia betri, haina desturi ya kubadili mwendo kwa usiku mmoja. Iliyozoea kuzidi sekunde kumi kwa siku itazidi kumi leo, na mwezi ujao haitakuwa mbali na hapo. Ndiyo maana mwenye saa hushtuka akiamka na kukuta imetangulia dakika 15, na kesho yake 15 nyingine. Moja kwa moja huipeleka kwa fundi, na fundi mwenye haraka ataifungua, ataiosha, ataitia mafuta na kudai ujira wake. Lakini mara nyingi saa ya namna hiyo haina ugonjwa wa mafuta wala wa kipuri. Imeshikwa na sumaku.

Tuingie ndani ya mashine. Nguvu hutunzwa na kamani iliyojikunja kwenye pipa lake. Saa ya kutia ufunguo hujazwa kwa vidole; ya otomatiki hujazwa na kipande kizito kinachozunguka mgongoni mwa mashine kila mkono unapotikisika. Nguvu hiyo hupitia magurudumu ya meno, na ingemwagika yote kwa muda mfupi kama isingekuwepo breki. Breki inaongozwa na gurudumu la mizani, linalozunguka kulia na kushoto bila kupumzika. Kila likigeuka, magurudumu mengine huruhusiwa kusogea hatua moja. Huo ndio mlio unaousikia ukiweka saa sikioni.

Kinacholirudisha gurudumu hilo kila linapokwenda ni springi iliyoviringwa bapa, nyembamba kuliko unywele, ambayo Mholanzi Christiaan Huygens aliitangaza mwaka 1675. Mwendo wote wa saa unategemea urefu wake. Springi ikirefuka, saa hupunguza. Ikifupika, saa huzidi. Fundi anaposema ameirekebisha saa yako, mara nyingi amesogeza kijiti kidogo kinachoongeza au kupunguza sehemu ya springi inayofanya kazi.

Hesabu zake ni kali. Chukua Seiko 5, saa ambayo wengi wetu tuliiona kwanza mkononi mwa baba au babu, na ambayo leo vijana wanaokusanya saa wanaitafuta. Nyingi zilizotoka tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 zina mashine iitwayo 7S26. Mizani yake hupiga mara 21,600 kwa saa, yaani mara sita kwa sekunde na 518,400 kwa siku. Mtengenezaji anakubali ipunguze hadi sekunde 20 au izidi hadi 40 kwa siku. Zikionekana nyingi, kumbuka siku ina sekunde 86,400: hata ikizidi 40, kosa halifiki asilimia 0.05. Kosa la asilimia moja tu lingekuwa zaidi ya dakika 14.

Sasa sumaku ikiingia kwenye springi ya chuma, mizunguko yake huvutana, na mingine hugandana kabisa. Sehemu inayofanya kazi hufupika, mizani huanza kupiga harakaharaka, na saa hukimbia.

Viwanda vimepambana na adui huyu kwa muda mrefu. Charles Édouard Guillaume, mtoto wa fundi saa wa Uswisi, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1920 kwa utafiti wa aloi za chuma na nikeli. Aloi hizo zilifungua njia ya springi zisizoyumbishwa sana na joto, na baadaye zikaja zisizoshikwa kirahisi na sumaku. Mwaka 1956 Rolex walitoa Milgauss, yenye ganda la chuma laini la kuikinga mashine hadi gausi 1,000 (gausi ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Mwaka 2013 Omega walionyesha saa inayohimili zaidi ya gausi 15,000 bila ganda hilo, kwa sababu sehemu nyeti zenyewe zilitengenezwa kwa vitu visivyovutwa na sumaku, springi ya silikoni ikiwemo.

Lakini saa za kawaida zinazoitwa kinga-sumaku zimepimwa kwa takriban gausi 60 tu, ilhali uso wa sumaku ndogo ya kisasa hufikia gausi elfu kadhaa. Sumaku hizo tunaishi nazo: spika, kasha la vipokea sauti vya masikioni, kibanio cha mkoba, kifuniko cha tableti, chaja inayonata mgongoni mwa simu. Bahati nzuri nguvu yao hufifia upesi. Ukiongeza umbali mara mbili, hushuka hadi karibu sehemu moja ya nane. Kuilaza saa umbali wa kiganja kutoka kwenye simu kunatosha.

Saa za betri haziugui hivyo. Sumaku kali inaweza kuzisimamisha mota zao, lakini ukiiondoa sumaku, saa huendelea na safari. Utarekebisha tu dakika zilizopotea.

Kupima ni rahisi. Weka dira mezani, isogeze saa taratibu karibu nayo, kisha uizungushe. Sindano ikivutwa upande mmoja na kusukumwa upande mwingine, kuna sumaku. Tiba nayo ni ya muda mfupi: fundi huiweka saa juu ya koili ya umeme wa kawaida, ambao kwetu hubadili mwelekeo mara 100 kila sekunde, kisha huiondoa polepole huku koili ikiwa imewashwa. Chuma husukumwa huku na huko kwa nguvu inayozidi kupungua, mpaka sumaku iliyobaki haina athari. Saa haifunguliwi hata skrubu moja.

Kwa hiyo zitofautishe dalili. Saa iliyobadilika kidogokidogo kwa miaka, au isiyomaliza usiku ikiwa imevuliwa, huenda inahitaji kuoshwa na kutiwa mafuta. Iliyodondoka inaweza kuwa imevunjika kitu. Lakini iliyoanza kukimbia ghafla bila kuanguka wala kuingia maji, mwambie fundi aipime sumaku kwanza, kabla hajagusa mfuniko.