Salfa Imekuletea Faida Gani? Pima Mwenyewe

Ndugu mkulima wa Nachingwea na Ruangwa, kila mwaka unapiga salfa mikorosho yako. Je, umewahi kupima faida yake?

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata korosho tani 145,000 hivi. Msimu wa 1986/87 ilipata chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi. Bei ilikuwa ndogo. Watu walihamia vijijini, wakaacha mikorosho yao mbali. Tena ukaja ugonjwa wa ubwiriunga. Ugonjwa huu hufunika maua kwa unga mweupe. Maua yakikauka, korosho hazipatikani.

Watafiti wa Naliendele, Mtwara, walishirikiana na wataalamu wa Uingereza. Walijaribu dawa. Wakaona kuwa unga wa salfa huzuia ugonjwa huo ukipulizwa mapema. Pia walichagua mikorosho inayozaa vizuri, wakatoa mbegu bora.

Msimu wa 2017/18 nchi ilipata zaidi ya tani 310,000. Je, ongezeko lote lililetwa na utafiti? Hapana. Bei nayo ilipanda, na watu walipanda mikorosho mipya. Kwa hiyo tusipime kwa kukisia.

Fanya hivi. Chagua mikorosho kumi yenye umri na ukubwa sawa. Mitano ipige salfa. Mitano mingine, iliyo mbali kidogo, iache. Itunze yote sawasawa. Vuna na upime kila fungu peke yake. Andika katika daftari.

Tuchukue mfano. Fungu la salfa limetoa kilo 50. Fungu lisilo na salfa limetoa kilo 20. Tofauti ni kilo 30. Kilo moja ikiuzwa shilingi 2,000, utapata shilingi 60,000 zaidi. Lakini hiyo bado si faida. Toa gharama za salfa, mafuta ya mashine na kibarua. Tuseme ni shilingi 15,000. Faida yako ni shilingi 45,000. Hata ukipewa salfa bure, mafuta na kibarua unalipa wewe.

Ukiona gharama imezidi, mwite bwana shamba. Huenda ulipiga salfa kwa kuchelewa.

Ndugu msomaji, watafiti hulipwa kwa fedha za umma. Fedha hizo ni jasho letu. Mkutano wa chama cha msingi ukiitishwa, nenda na daftari lako. Mwenye hesabu yake hadanganywi.