Klorini katika Maji ya Kunywa: Kinga na Tahadhari Yake

Maji ya bomba ya jiji la Tanga hutoka katika bwawa la Mabayani, linalojazwa na Mto Zigi utokao milima ya Usambara Mashariki. Mvua zinapozidi, mto hubeba udongo na mabaki ya majani yaliyooza. Klorini inayotiwa kuua vimelea ikikutana na mabaki hayo, huzalisha kemikali ziitwazo trihalomethani, klorofomu ikiwa mojawapo. Tafiti kadhaa zimehusisha unywaji wa kemikali hizo kwa miaka mingi na saratani ya kibofu cha mkojo. Kikomo cha klorofomu kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.3 kwa lita.

Hata hivyo, hatari hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na kipindupindu, kiwezacho kumuua mgonjwa asiyetibiwa ndani ya saa chache. Klorini isiachwe, bali uchafu uondolewe kwanza. Nyumbani, maji yenye tope yaachwe yatuame, yachujwe kwa kitambaa safi, ndipo yatiwe dawa kwa kipimo kilichoelekezwa. Anayekataa maji ya bomba kwa sababu ya harufu ya dawa aelezwe kuwa kisima kisichotibiwa chaweza kumdhuru upesi zaidi.