Motokaa Iliyotumika: Maili Zake na Bei Yake

Mtu aendaye kununua motokaa iliyotumika huchungulia kwanza dirishani, akasoma hesabu ya maili iliyo mbele ya usukani. Afanya vema, kwa maana hesabu ile ni ushahidi wa kazi iliyofanywa na gari. Lakini wako wengi waisomao hesabu hiyo peke yake, wakaiamini kama kiapo, na akiba ya miaka mingi ikapotea kwa siku moja. Kwa hiyo yafaa tueleze jinsi maili zinavyopunguza thamani ya motokaa, na mahali ambapo hesabu hiyo yaweza kumpotosha mnunuzi.

Twasema "maili" kwa mazoea tu. Magari mengi yaliyotumika yaingiayo Kenya kwa bandari ya Mombasa hutoka Japani, na vipimo vyake huhesabu kilomita. Gari litokalo Uingereza huhesabu maili zenyewe, na maili 1 ni zaidi kidogo ya kilomita 1.6. Basi gari la Uingereza lionyeshalo 80,000 limekwenda kilomita 128,000 na zaidi. Asiyeuliza jambo hili hudhani kwamba ameokota dodo chini ya mwarobaini.

Sasa, kwa nini maili hupunguza bei? Motokaa ni vyuma na mipira inayosuguana. Pistoni, beringi, klachi, shokomzoba na mipira ya viungo vya magurudumu, kila kimoja kina umri wake, na umri huo huhesabiwa zaidi kwa mwendo kuliko kwa kalenda. Chukua mfano wa mkanda uendeshao vali ndani ya mashine. Katika magari mengi yenye mkanda wa namna hiyo, hutakiwa kubadilishwa gari lifikapo kilomita 100,000 hivi. Ukikatika gari likiwa mbioni, katika mashine nyingi vali hugongana na pistoni, na gharama ya kuitengeneza yaweza kukaribia bei ya mashine nyingine. Kwa hiyo anunuaye gari lenye kilomita 95,000 amenunua gari pamoja na deni, na deni hilo lastahili kutolewa katika bei. Lile lenye kilomita 110,000 ambalo mkanda wake umekwisha kubadilishwa, na risiti ya fundi ipo, laweza kuwa bora kuliko hilo la kwanza, ingawa hesabu yake ni kubwa.

Tena maili hazilingani. Tufikiri magari mawili ya namna moja na ya mwaka mmoja. La kwanza limekwenda kilomita 160,000, nyingi zake katika barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 60 kwa saa. La pili limekwenda kilomita 80,000 tu, lakini zote ndani ya mji, katika misongamano, kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa. Ukipiga hesabu utaona kwamba mashine ya gari la kwanza imefanya kazi kwa saa 2,700 hivi, na ya gari la pili kwa saa 4,000. Zaidi ya hayo, gari la mjini limekanyagwa breki na kubadilishwa gia mara nyingi mno, na limewashwa likiwa baridi kila asubuhi kwa safari fupi, wakati ambapo oili haijaenea vizuri katika mashine. Hata hivyo sokoni gari la pili ndilo litakaloitiwa bei kubwa.

Lakini asidhani mtu kwamba gari lililolala bila kuendeshwa ni hazina. Mipira hukauka ikapasuka, betri hufa, na oili huharibika hata kama gari halikutoka nje ya uzio.

Serikali, kwa upande wake, hutazama miaka. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa motokaa iliyopita miaka 8 tangu kuandikishwa mara ya kwanza, na ushuru wa forodha kwa gari lililotumika hupunguzwa kwa kadiri ya umri wake, si kwa kilomita zake. Ndiyo sababu magari mawili yaweza kulipiwa ushuru sawasawa bandarini, kisha yakauzwa Nairobi kwa bei zilizoachana sana.

Liko jambo jingine ambalo si la mashine bali la macho ya mnunuzi. Mwaka 2012 wataalamu watatu wa uchumi, Nicola Lacetera, Devin Pope na Justin Sydnor, walitoa uchunguzi wao juu ya magari zaidi ya milioni 22 yaliyouzwa minadani katika Marekani. Waliona kwamba bei hushuka ghafula kila hesabu ivukapo maili 10,000 nyingine. Gari lenye maili 79,900 huuzwa kwa bei inayoonekana kuwa juu kuliko lile lenye 80,100, ingawa tofauti yao ni safari ya siku moja. Mnunuzi mwenye busara hulitafuta hilo la pili.

Kisha kuna udanganyifu. Zamani vipimo vingi vilikuwa na tarakimu tano tu, navyo vikipita 99,999 vilirudi sifuri vyenyewe. Na wenye hila walivirudisha nyuma kwa mkono. Vipimo vya siku hizi hurudishwa kwa mtambo mdogo wa kompyuta, wala havibaki na alama ya bisibisi. Basi tazama vitu vingine. Mpira wa pedali ya breki uliolika hadi chuma, usukani uliong'aa kwa mikono na kiti kilichobonyea upande wa dereva havipatani na kilomita 40,000. Tazama na magurudumu: ubavuni mwa kila mpira pana tarakimu nne, mbili za juma na mbili za mwaka uliotengenezwa. Mpira wenye 2319 ulitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Ikiwa gari ni la mwaka 2017 nalo lasemekana limekwenda kidogo tu, muulize mwuzaji mipira ya kwanza ilikwisha kwa safari gani.

Kwa gari la Japani, omba cheti cha kutolewa nchini humo. Huko motokaa ya mtu binafsi hupimwa na serikali baada ya miaka 3 ya kwanza, kisha kila miaka 2, na kilomita huandikwa. Hesabu ya cheti ikiwa kubwa kuliko ya kwenye gari, hakuna haja ya maswali zaidi. Zikipatana, mpeleke fundi uliyemchagua wewe, si wa mwenye gari, alichungulie chini na kulisikiliza likiwashwa asubuhi kabla halijapata moto.