Mzazi Mbele ya Tabibu wa Watoto

Wazazi wetu, leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulidhania kuwa jepesi, nalo ni kumpeleka mtoto kwa tabibu. Mtu husema: "Nimembeba, nimemfikisha, nimemkabidhi, kazi iliyobaki ni ya tabibu." Sivyo. Mtu mzima akiugua hueleza mwenyewe mahali panapomwuma, na tangu lini. Mtoto mchanga hana ila kilio, na masikioni mwa mgeni kilio cha njaa na kilio cha maumivu ni kimoja. Tabibu humwona mtoto kwa dakika chache tu. Mama amekesha naye usiku kucha. Tabibu anayo elimu ya maradhi, na mzazi anazo habari za mtoto. Tiba njema hupatikana pale viwili hivi vinapokutana.

Tuanze na matayarisho ya nyumbani. Kitu cha kwanza cha kuchukua ni kadi ya kliniki. Kadi hiyo si karatasi ya kuonyeshwa mlangoni tu. Ni historia ya mtoto. Humo mmeandikwa uzito wake tangu azaliwe, na chanjo alizokwisha kupata. Katika Tanzania, mtoto azaliwapo hupewa chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Kisha hutakiwa kurudi akiwa wa majuma 6, 10 na 14. Na chanjo ya surua na rubela hupewa akiwa wa miezi 9, na tena miezi 18. Basi mtoto apelekwapo kwa sababu ya kikohozi, tabibu akaona katika kadi kwamba chanjo moja imepita wakati wake, aweza kuitengeneza kasoro hiyo siku ile ile. Mafua madogo hayamzuii mtoto kuchanjwa.

Kitu cha pili ni dawa zote alizopewa mtoto, pamoja na chupa na pakiti zake, hata zikiwa tupu. Kusema "nilimpa vidonge vyeupe" hakutoshi, kwa maana vidonge vyeupe ni vingi mno.

Kitu cha tatu ni majibu. Kabla ya kutoka nyumbani, mzazi ajiulize: Ugonjwa ulianza siku gani? Je, ananyonya au kula kama desturi yake? Ametapika au kuharisha mara ngapi, na je, kinyesi kina damu? Mara ya mwisho alikojoa lini? Amepewa nini, saa ngapi, na kiasi gani? Ajuaye kuandika na aandike, kwa kuwa hofu husahaulisha. Na ikiwa mtoto hupelekwa na baba, ilhali aliyelala naye ni mama au nyanya, baba aulize kwanza. Twawajua akina baba waliofika mbele ya tabibu, wakaulizwa maswali haya, wakabaki kutazama dari.

Sasa tumefika kliniki, na watu ni wengi. Kungoja zamu ni adabu njema. Lakini wako watoto ambao haifai kuwangojesha hata kidogo. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa. Mtoto atapikaye kila akipewacho. Mtoto aliyepata degedege. Mtoto aliyelegea mno au asiyezinduka. Huyo asikalishwe katika foleni. Vivyo hivyo mtoto ambaye kifua chake huingia ndani chini ya mbavu kila avutapo pumzi, na mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa, au aliyekuwa baridi kuliko kawaida. Hapo mama asione haya. Na ainuke, amwendee muuguzi, aseme waziwazi: "Mtoto wangu amepata degedege," au "Mtoto wangu hanyonyi." Si ukosefu wa adabu, ndivyo waganga wenyewe watakavyo.

Kuhusu degedege twataka kusema neno zaidi. Wako wasemao kwamba ni pepo, na kwamba mtoto akichomwa sindano naye yu katika hali hiyo atakufa. Maneno hayo yamewachelewesha wengi. Degedege huweza kuletwa na homa kali, na huweza pia kuwa dalili ya malaria iliyopanda kichwani au ya ugonjwa wa uti wa mgongo. Magonjwa hayo mawili huua upesi, na kila saa inayopotea njiani humpunguzia mtoto nafasi ya kupona. Mtoto akifa baada ya kuchomwa sindano, mara nyingi kisa si sindano, bali ni saa zilizopotea kabla ya kufikishwa.

Aidha mzazi aweza kuhesabu pumzi za mtoto nyumbani, akiwa na saa. Mtoto awe ametulia, asiwe analia wala ananyonya. Ahesabiwe dakika nzima. Mwenye kikohozi akivuta pumzi mara 50 au zaidi kwa dakika, naye ana miezi 2 hadi mwaka 1, au mara 40 au zaidi akiwa wa mwaka 1 hadi 5, apelekwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa huenda ni homa ya mapafu. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2 hesabu ni 60.

Kabla ya kumwona tabibu, mtoto hupimwa uzito. Mama wengine huona haya kumvua nguo mbele za watu. Lakini kiasi cha dawa za watoto hukadiriwa kwa uzito, na sweta pamoja na nepi iliyolowa huudanganya mzani. Tena uzito una habari zake: mstari wa kadi ukiacha kupanda kwa miezi miwili mitatu, mzazi na aulize sababu, hata kama mtoto anacheza.

Sasa tumo chumbani mwa tabibu, na hapa ndipo penye neno letu kubwa la leo. Semeni kweli yote. Tuchukue mfano. Mama mmoja amemnunulia mwanawe dawa mseto dukani juma lililopita, akampa siku moja, na homa iliposhuka akaacha, akaweka zilizobaki. Leo homa imerudi. Alfajiri amempa dawa ya kuteremsha homa, na nyanya amemnywesha maji ya majani fulani. Mbele ya tabibu aulizwa, "Amepewa dawa gani?" Kwa kuogopa kukaripiwa, ajibu, "Hajapewa kitu."

Tazameni madhara ya jibu hilo. Mtoto haonekani kuwa na homa, kwa kuwa dawa ya alfajiri imeificha. Kipimo cha haraka cha malaria chaweza kuonyesha malaria hata majuma kadhaa baada ya vimelea kufa, maana masalio yake hukaa damuni. Tabibu asiyejua kwamba mtoto alikunywa dawa hawezi kuamua kama malaria hii ni mpya, au ni ile ya zamani isiyokwisha, au kama ugonjwa ni mwingine kabisa. Tena huenda akampa dawa ile ile ya homa mara ya pili kabla ya saa zake, nayo ikizidi hudhuru ini. Mama huyu si mwovu, ampenda mwanawe. Lakini wazee walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Karipio ni la dakika moja, nalo hupita. Na kwa upande mwingine twawaomba waganga na wauguzi wakumbuke kwamba mama aliyetukanwa leo kwa kusema kweli, kesho atasema uongo.

Kabla ya kutoka chumbani, mzazi asitikise kichwa tu na kusema "ndiyo". Arudie kwa kinywa chake: dawa hii ni ya nini, kiasi gani, mara ngapi kwa siku, kwa siku ngapi. Dawa mseto, mathalani, hutolewa mara mbili kwa siku kwa siku 3, nayo huliwa yote, hata homa ikiisha siku ya kwanza. Dawa ya maji ipimwe kwa kijiko au kikombe kilichotoka katika boksi lake, kwa sababu vijiko vya majumbani havilingani. Aulize pia: akiitapika, nifanye nini?

Mtoto mwenye kuharisha hupewa maji ya chumvichumvi ya pakiti, yaliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti, wala si kwa kukisia. Pamoja na vidonge vya zinki, ambavyo huendelea kwa siku 10 hadi 14 ijapokuwa kuharisha kumekoma. Na anyonyeshwe, wala asinyimwe chakula.

Swali la mwisho ndilo lisahauliwalo sana: "Nirudi lini?" Tarehe aliyoandika tabibu ni ya mtoto anayeendelea vizuri. Lakini mtoto akizidiwa, akishindwa kunywa, au zikitokea dalili tulizozitaja, mzazi asingoje tarehe, wala asingoje kupambazuke. Kurudi mapema si kumsumbua tabibu wala kumdharau. Maradhi hubadilika, na aliyeonekana ana mafua asubuhi aweza kushikwa na pumzi jioni.

Basi, wazazi wetu, mtoto hana wakili mwingine mbele ya tabibu ila ninyi. Mwende na kadi yake, mwende na dawa zake, na zaidi ya vyote mwende na kweli. Hayo hayanunuliwi dukani, na hakuna nyumba iliyo maskini hata ikayakosa.